Kipepeo anayehitaji ng'ombe

Niseme mapema kabisa, hii ni post ndefu na yote inahusu mdudu mmoja tu, kipepeo wa bluu anayeishi kwenye vilima vya nyasi huku kusini magharibi mwa Uingereza, jina lake la kisayansi ni Phengaris arion na watu wa huku wanamwita tu Bluu Mkubwa. Nimekuwa nikimsoma kwa muda sasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kila mtu wa kwetu anayeshughulika na malisho, awe mfugaji, awe mtu wa maliasili, awe afisa mifugo wa kata au mwanafunzi wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), anatakiwa aijue stori yake. Kwa nini? Kwa sababu huyu kipepeo alitoweka kabisa Uingereza mwaka 1979, akaja kurudishwa baadaye, na sehemu ya kilichomwondoa ni watu waliokuwa wanampenda kwa moyo wote, wakamwekea fensi, wakatoa mifugo kwenye majani yake, wakakaa wanasubiri aongezeke.

Kwanza tumjue mwenyewe. Hilo jina la ukubwa lisikudanganye, ni mkubwa ukimlinganisha na vipepeo wenzake wa bluu, mabawa yakifunguka yote ni kama sentimita 4 au 5 basi. Juu ni bluu iliyokolea yenye madoa meusi kwenye bawa la mbele na ukingo mweusi, chini ni kijivu chenye vidoa vingi na bluu ya kijani karibu na mwili. Akiruka huwa haendi juu, anakaa chinichini, anatua, anaruka tena, na maisha yake akiwa na mabawa ni siku chache tu. Mwezi wa 6 mpaka mwanzoni mwa mwezi wa 7 hivi, kisha humwoni tena mpaka mwakani.

Ukiangalia ramani ya dunia unaweza kujiuliza huyu amekuwaje adimu. Yupo kuanzia Ulaya magharibi, Ufaransa, Italia, Uswidi, Poland, unakwenda hivyo hivyo mpaka Siberia, Mongolia na China. Ramani kubwa sana! Lakini ramani inapaka rangi nchi nzima wakati mdudu mwenyewe anakaa kwenye vipande vidogo vidogo, kilima hiki, mteremko ule, na vipande vyenyewe vimekuwa vikizimika kimoja kimoja kwa miaka mingi. Uholanzi alitoweka miaka ya 1960. Kwenye orodha ya Ulaya ya viumbe walio hatarini aliwekwa kundi la walio hatarini kutoweka. Hapa Uingereza alianza kuandikwa mwaka 1795 na toka mwanzo alikuwa wa sehemu chache, milima ya Cotswolds, vilima vya Polden huko Somerset, pembezoni mwa Dartmoor, na pwani ya Devon na Cornwall. Miaka ya 1950 bado walikadiriwa kufika laki moja, kwenye makoloni kama 30, yaani makundi yanayoishi kila moja mahali pake. Mwaka 1972 yalikuwa yamebaki makoloni mawili.

Sasa maisha yake, na hapa naomba tuende taratibu maana kila kitu kingine kinategemea hapa.

Jike anataga yai kwenye vitumba vya thaimu ya porini (kimea kidogo chenye maua ya zambarau) ambavyo bado havijachanua, na sehemu zingine anatumia oregano ya porini. Yai likianguliwa, kiwavi anakula maua na mbegu za thaimu kwa wiki 2 au 3, anajivua ngozi mara kadhaa, na mpaka hapo bado ni mdogo mno, ana milimita 3 au 4 tu. Halafu anaacha kula mmea kabisa, na jioni moja anajidondosha chini. Hatembei kwenda popote, hatafuti chakula, anakaa pale pale alipoangukia chini ya jani anasubiri kuokotwa.

Anayemwokota ni sisimizi mwekundu wa kundi linaloitwa Myrmica, ambao jioni ndio muda wao wa kutoka kutafuta chakula. Sisimizi akimkuta anampapasa kwa vipapasio, kiwavi anatoa tone la maji matamu kwenye tezi iliyo mgongoni, sisimizi analamba, wakati mwingine wanaendelea hivyo zaidi ya saa nzima. Mwishoni kiwavi anajikunja kwa namna fulani, anajivimbisha nyuma ya kichwa, na kwa umbo lile pamoja na harufu ya ngozi yake sisimizi anaamini kabisa kwamba huyu ni mtoto wa nyumbani kwao aliyedondoka nje. Anambeba kwa taya, anaingia naye kwenye kiota chini ya ardhi, anamweka pamoja na mabuu wa ukoo.

Na huyo mgeni anaanza kuwala watoto wa mwenyeji.

Anawala kwa kama miezi 10, wengine wanakaa mpaka miaka 2, humo humo gizani. Karibu uzito wake wote wa mwisho, zaidi ya asilimia 98, anaupata ndani ya kiota kwa kula mabuu. Na kuna kitu kimoja watafiti waligundua ambacho mimi kilinishangaza sana, anaanza na mabuu wakubwa, anawaacha wadogo waendelee kukua, kwa hiyo chakula chake kinazidi kunenepa kikimsubiri. Majira ya kuchipua anakuwa pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kugeuka kipepeo, na mwezi wa 6 asubuhi anatoka akiwa kipepeo mwenye mabawa yaliyokunjamana, anapanda kwenye jani lililo karibu, anayajaza damu mpaka yananyooka, kisha anaruka.

Siri hii haikujulikana mpaka miaka ya 1910. Watu walikuwa wanawalea viwavi kwa thaimu, wanafika hatua fulani wanakataa kula wanakufa, hakuna aliyeelewa kwa nini. Mwaka 1915 ndio ikathibitika kwamba wanakula mabuu wa sisimizi, na jamaa mmoja anaitwa Purefoy akishirikiana na Frohawk aliyekuwa mchoraji na mtaalamu wa vipepeo waliweza kuwalea mpaka mwisho kwa kuwaweka na sisimizi ndani ya maganda ya jozi. Kazi ya subira kweli kweli.

Kwa hiyo kuanzia hapo watu walijua anahitaji vitu viwili, thaimu na sisimizi. Vyote vilikuwepo. Vilima vilikuwa vimejaa thaimu na sisimizi wekundu walikuwa kila mahali, na bado kipepeo anapungua mwaka hadi mwaka. Lawama zikawaangukia wakusanyaji, wale watu wa kuchomeka vipepeo kwa pini kwenye masanduku, ambao ni kweli walikuwa wengi na ni kweli walikuwa wanabeba sana. Basi dawa ikaonekana ni kufunga maeneo. Fensi ikazungushwa, wakusanyaji wakazuiwa, na fensi ile ile ikazuia ng'ombe, kondoo na farasi. Nyasi zikaota vizuri, eneo likapendeza, na vipepeo wakaendelea kupungua, tena penye fensi wakaisha haraka.

Mwaka 1972 kijana mmoja mtafiti, Jeremy Thomas, akapewa kazi ya kwenda kukaa kwenye moja ya sehemu za mwisho kabisa. Naye akafanya kile ambacho kabla yake hakikufanywa kikamilifu, akahesabu kila kitu. Mayai mangapi, mangapi yameliwa, viwavi wangapi wameanguka, wamebebwa na sisimizi gani, wangapi wametoka wazima, na nyasi za hapo zina urefu gani. Miaka ikapita anahesabu huku kundi linazidi kuwa dogo, na ukame wa 1975 na 1976 ukaja kuwapiga wale wachache waliokuwa wamebaki. Alipopata jibu kamili muda ulikuwa umeshaisha, mwaka 1979 akatangazwa ametoweka. Hiyo sehemu ya stori huwa inaniuma kila nikiisoma, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa la kitu ambacho mchungaji yeyote angeweza kukifanya kesho yake asubuhi.

Jibu ni hili. Sisimizi wekundu wa Myrmica sio aina moja, kwa macho ya kawaida wanafanana lakini ni spishi kadhaa, na wote wanambeba kiwavi wakimkuta. Ila kwa nchi hii kiwavi anapona vizuri kwenye kiota cha aina moja tu, Myrmica sabuleti. Akibebwa na wengine karibu wote wanakufa humo ndani. Na huyu sabuleti ni mdudu wa joto. Uingereza ipo karibu na mwisho wa kaskazini wa maeneo anayoyaweza, kwa hiyo anakaa kwenye miteremko inayotazama kusini, ile inayopigwa na jua, na hata hapo anataka nyasi ziwe fupi sana, chini ya sentimita 2 au 3, ili jua lifike kwenye udongo. Nyasi zikirefuka kutoka sentimita 1 kwenda 3 au zaidi, kivuli chake tu kinatosha kupoza udongo digrii 2 au 3, sabuleti anahama au anaisha, na nafasi yake inachukuliwa na ndugu yake Myrmica scabrinodis anayevumilia baridi. Ukiangalia kwa juu hakuna kilichobadilika, nyasi zipo, thaimu ipo, sisimizi wekundu wapo. Chini ya ardhi nyumba imeshabadilisha wenyewe.

Sentimita mbili jamani. Sisi tunaongelea hifadhi kwa kilomita za mraba, mdudu anaishi au anakufa kwa sentimita mbili za nyasi.

Alafu kuna hesabu nyingine inayobana zaidi. Kiwavi hatembei, kwa hiyo thaimu lazima iwe ndani ya mita kama 2 kutoka kwenye kiota, eneo ambalo sisimizi wa kiota hicho wanazunguka kutafuta chakula, thaimu ikiwa mbali zaidi ya hapo hata iwe nyingi vipi haisaidii. Na kiota lazima kiwe kikubwa, mahesabu ya Thomas na wenzake yalionyesha kumlea kipepeo mmoja kunataka kiota chenye sisimizi wafanyakazi zaidi ya 350. Vikiingia viwavi watatu wanne kwenye kiota kimoja mabuu yanaisha kabla hawajakomaa na wanakufa njaa wote. Kwa hiyo kilima kinatakiwa kiwe na viota vingi, vilivyosambaa, na thaimu iliyosambaa juu yake, na hiyo hali haiwezi kujitengeneza penye majani marefu.

Sasa nani alikuwa anazifupisha hizo nyasi miaka yote? Mifugo, na sungura. Ile miteremko mikali yenye udongo mwembamba haifai kulima, kwa karne nyingi ilikuwa ni sehemu ya kupeleka kondoo na ng'ombe tu. Karne ya 20 wakulima wakaanza kuiacha maana haina faida, wanafuga kwenye majani yaliyowekewa mbolea huko chini. Hapo sungura wakawa ndio waliobaki kufanya kazi. Halafu mwaka 1953 ukaingia ugonjwa wa sungura unaoitwa miksomatosisi, ndani ya miaka michache ukaua kama asilimia 99 ya sungura wote wa nchi hii. Hapo ndipo nyasi zilipopanda kila mahali kwa wakati mmoja, vichaka vya miiba vikafuata, na makoloni yakaanza kuzimika mfululizo. Ukiweka tarehe za sungura na tarehe za kipepeo pembeni kwa pembeni huhitaji mtu wa kukueleza.

Kumrudisha ilibidi waanze na nyumba kwanza. Wakafyeka vichaka, wakarudisha mifugo, wakasubiri sabuleti aongezeke, ndio wakatafuta vipepeo wa kuanzia. Hawakuchukua kipepeo kutoka popote tu, maana anatakiwa atoke kwenye pupa wiki ile ile thaimu ya Uingereza ina vitumba, akichelewa au akiwahi jike hana pa kutaga. Waliowafaa walikuwa wa kisiwa cha Öland, Uswidi. Mwaka 1983 viwavi wa kwanza wakaachiwa Dartmoor kwenye sehemu waliyoificha jina wakaiita Eneo X, na David Simcox ambaye amekuwa na Thomas kwenye kazi hii kwa miongo mingi ndiye aliyekuwa anakwenda Uswidi kuwakusanya. Miaka ya 1990 wakaenda Green Down huko Somerset, mwaka 2000 wakafika Collard Hill. Mwaka 2019 viwavi 1,100 wakaachiwa Rodborough Common huko Gloucestershire, mahali ambapo hawakuonekana kwa miaka 150, na mwaka uliofuata vipepeo kama 750 wakaruka. Mwaka 2022 makadirio ya vipepeo wote wa kusini magharibi yalikuwa kama 20,000, na mwaka huo huo orodha ya Uingereza ya vipepeo walio hatarini ikamshusha kutoka kundi la hatari kubwa kabisa mpaka kundi la walio karibu na hatari. Kwa mdudu, sijui mfano mwingine mzuri kama huu.

Collard Hill nimeenda, ipo karibu na mji mdogo wa Street huko Somerset, ni mali ya National Trust, shirika la uhifadhi la huku, na mtu yeyote anaruhusiwa kufika. Nilikuwa na sweta kwa sababu ya upepo, lakini nilipoweka kiganja kwenye kipande cha udongo ulio wazi katikati ya nyasi ulikuwa wa moto kabisa, moto wa kushtua, hapo ndio zile digrii 2 au 3 za kwenye vitabu ziliniingia akilini. Nyasi zenyewe hazifiki fundo la kwanza la kidole. Ng'ombe wakikanyaga mteremko mwaka baada ya mwaka wanatengeneza vijingazi vyembamba vinavyozunguka kilima, na thaimu inapenda kuota hapo kwenye kingo zilizobomoka, zambarau zambarau mstari mzima.

Jike nilimwona akitaga. Alitua kwenye kishada cha thaimu, akatembea juu ya vitumba anavigusagusa, akaacha kimoja kilichoanza kufunguka, akaenda kwenye kishada cha pembeni ambacho bado kimebana, akakunja ncha ya tumbo mpaka ikazama katikati ya vitumba, akatulia sekunde chache, akaondoka. Niliinama nikaangalia. Yai ni jeupe, dogo kuliko punje ya chumvi, limebandikwa ndani kabisa kati ya kitumba na kitumba, ukipita tu huwezi kuliona. Na hapo ndipo unaelewa kwa nini wanakusisitiza usitoke kwenye njia, hatua moja ya buti inaweza kuwa imekanyaga yai juu na kiota chini kwa mpigo. Kuna mama mmoja mzee anayejitolea pale, kila msimu yupo kwenye kilima na kofia yake, anawaelekeza watu kwa upole sana, na macho yake yanakuona kabla hujaweka mguu pasipotakiwa! Haki yake, maana wakusanyaji hawajaisha, mwaka 2017 mahakama ya Bristol ilimtia mtu hatiani kwa kuwakamata na kuwaua hawa hawa.

Kitu nilichotaka hasa kukijua ni kalenda ya mifugo, kwa sababu mimi nimekulia upande wa Dodoma kwenye familia ya kuchunga na nikisikia "walirudisha mifugo" nauliza mingapi, lini, kwa muda gani. Hapo ndipo penye ufundi. Mifugo ikikaa kilimani wakati thaimu ina vitumba inakula vitumba pamoja na mayai. Kwa hiyo sehemu nyingi ng'ombe na farasi wadogo wanaingizwa vuli ya huku, majani ya miti yanapopukutika, wanakula kipindi cha baridi na majira ya kuchipua mpaka nyasi zimekwisha kabisa, halafu wanatolewa au wanapunguzwa kabla ya maua, vipepeo wakimaliza wanarudi. Rodborough ni malisho ya pamoja, wenyeji wana haki ya kuchungia toka zamani na wanakaa kamati, kwa hiyo mradi haukuwaondoa bali ulikaa nao kupanga ng'ombe wawe upande gani lini. Na kila mwaka wanapima nyasi na wanahesabu sisimizi, wanaweka vipande vya keki chini ili waone nani anakuja, sabuleti au mwingine. Mvua ikizidi nyasi zikakimbia, wanaongeza mifugo. Ukame ukija wanapunguza.

Msukuma akisoma hapo atasema hii si ngitili? Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni akili ile ile. Kipande kinafungwa mvua zikianza, kinafunguliwa kiangazi kikiwa kikali, na wazee ndio wanaosema lini. Wamaasai nao wana olopololi, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama. Watu wetu wamekuwa wakipanga nani ale wapi na lini kabla neno ekolojia halijafika, na inanikera sana nikisikia mtu mwenye elimu yake anaongea kuhusu mifugo na uhifadhi kana kwamba ni lazima kimoja kimfukuze mwenzake. Sisemi ng'ombe waingizwe kila mahali. Mifugo kupita kiasi inamaliza thaimu pia, na kuna vipepeo wengine wanataka kinyume kabisa. Afrika Kusini, KwaZulu-Natal, kuna mmoja anaitwa Orachrysops ariadne, wa makoloni machache tu, kiwavi wake naye ana uhusiano na sisimizi, lakini yeye anataka miteremko yenye ubaridi na unyevu na nyasi ndefu. Ukichukua dawa ya Somerset ukampelekea huyo utamuua. Ninachosema ni kwamba urefu wa nyasi na msimu wa kuchunga ni vitu vya kupimwa chini, kwa rula, kwa mdudu unayemlenga, na mchungaji awepo kwenye hicho kikao kwa sababu yeye ndiye mwenye mikono ya kufanya kazi hiyo.

Na sasa nije nyumbani, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya nikae kuandika. Afrika kusini mwa Sahara tuna kundi zima la vipepeo wa bluu wanaitwa Lepidochrysops, spishi zaidi ya 100, wa nyika na miombo na vilima vya nyasi, na wale ambao maisha yao yamefuatiliwa wanafanya kitu kile kile: kiwavi anaanza kwa kula maua, kisha anabebwa na sisimizi, wale wakubwa wa kundi la Camponotus, na anamalizia utoto wake chini ya ardhi akila mabuu wao. Maua yenyewe mara nyingi ni ya jamii ya kivumbasi na mrehani, na thaimu ni ya ukoo huo huo mmoja. Wapo hadi waliopewa majina ya kwetu, Lepidochrysops kitale wa Kenya na Lepidochrysops mpanda wa Tanzania. Wengi wao wanajulikana kutoka sehemu chache sana, na spishi nyingi za kundi hili hazijawahi kufuatiliwa kutoka yai mpaka kipepeo.

Huko kwetu moto nao ni mfugaji wa pili. Kuna vivumbasi vya porini ambavyo mizizi yake inakaa chini, nyika ikiungua mwishoni mwa kiangazi vinachomoza maua kwenye majivu kabla hata nyasi hazijarudi, udongo uko wazi, jua linafika chini. Vipepeo wa namna hii mtu anawakuta kipindi hicho, wanazunguka chini chini kwenye maua. Kwa hiyo swali la nani anachoma, mwezi gani, na ng'ombe wanaingia lini baada ya hapo, kwao linaweza kuwa swali la uhai kama zile sentimita mbili za Somerset. Linajibika pia, halihitaji maabara, linahitaji mtu anayekaa karibu na nyika na yuko tayari kuinama.

Basi kama unakaa Kitale, Mpanda, Njombe, Songea, Nyanda za Juu zozote au hata pembeni ya malisho ya kijiji, na ukamwona kipepeo wa bluu au wa kahawia mwenye bluu anazungukia maua ya kivumbasi cha porini, mpige picha juu na chini ya mabawa kama atakuruhusu, halafu usiondoke. Piga na ua lenyewe. Piga na nyasi kwa pembeni ukiwa umesimamisha rula au hata kidole chako ili urefu uonekane. Angalia kama kuna sisimizi wakubwa kwenye shina la huo mmea, wapige pia. Andika tarehe, andika kama hapo paliungua mwaka huu au la, na muulize anayechunga eneo hilo ng'ombe huwa wanafika mwezi gani. Pandisha yote iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe ili watambuliwe, ni bure, na maelezo unaweza kuandika kwa Kiswahili, majina ya kisayansi wapo watu watakusaidia.